Kava ya mbele ya injini

Kava ya mbele ya injini (huitwa pia kava ya taimingi) ni kifuniko kinachofungwa mbele ya injini ya gari, juu ya cheni inayounganisha kranki na kamshafti. Huzuia oili isivuje na uchafu usiingie. Kwenye injini za mkanda, kama zile za Hiace nyingi za zamani za dizeli, kava haishiki oili, na kuirudisha ni kazi nyepesi. Makala hii inahusu injini za cheni.

Mfano unaojulikana sana Tanzania ni injini ya Toyota 1NZ-FE ya petroli, lita 1.5, iliyo kwenye IST nyingi zilizoagizwa zikiwa zimetumika kutoka Japani. Kava yake ni ya aluminiamu, na ndani yake mna pampu ya oili na sili ya kranki. Kwa hiyo ikirudishwa vibaya, tatizo haliishii kwenye matone ya oili chini ya gari.

Kufungua kwenye hewa ya chumvi

Katika mwambao wa Bagamoyo bolti za kava mara nyingi huwa zimeganda. Chuma na aluminiamu vikigusana penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa na bolti hushika. Ikilazimishwa hukatikia ndani ya bloku. Fundi mvumilivu huipulizia mafuta ya kulegeza kutu, huiacha ilowe, kisha huifungua kwa kuipeleka na kuirudisha kidogo kidogo. Bolti hazilingani urefu, hivyo huchomekwa kwenye kipande cha boksi kilichochorwa umbo la kava ili kila moja irudi tundu lake.

Kurudisha

Kabla ya kufunika, kranki huzungushwa kwa mkono mizunguko miwili kamili na alama za taimingi hukaguliwa upya. Kosa likionekana baada ya kufunga, kazi yote huanza mwanzo.

Silikoni ya zamani hukwanguliwa kwa plastiki au mti, si kwa bisibisi, kwani mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu hutosha kuwa njia ya oili. Nyuso hufutwa zikauke kabisa. Gereji nyingi ziko wazi, na upepo wa kusi hubeba mchanga. Afadhali kazi hii ifanyike penye kinga.

Silikoni mpya hupakwa uzi mwembamba usiokatika, milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Wengi hupaka nyingi wakidhani ndiyo usalama. Ziada hujiminya ndani, humeguka, huangukia kwenye sampu na kuziba chujio la pampu. Injini hukosa oili na kunoki, ingawa nje haivuji hata tone.

Oringi na sili huwekwa mpya, na mdomo wa sili hupakwa oili. Rota ya ndani ya pampu sharti iingiane na kranki. Kava isipokaa kwa mkono isivutwe kwa bolti, maana itapasuka. Bolti hukazwa kwa zamu, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha injini husika.

Oili humiminwa baada ya silikoni kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake. Injini ikiwaka, taa ya oili izimike ndani ya sekunde chache. Isipozimika, injini izimwe mara moja.