Judy Grahn, mshairi aliyejichapia vitabu

Judy Grahn alikuwa na miaka 21 Jeshi la Anga la Marekani lilipomfukuza kwa sababu alipenda wanawake wenzake. Mtoto huyu wa mpishi, aliyezaliwa Chicago mwaka 1940 na kukulia Las Cruces, New Mexico, akarudi kwenye kazi za makabwela: kupika mikahawani, kuhudumia wateja, kupiga chapa. Alipofikisha miaka 25 aliugua vibaya hadi akapoteza fahamu. Alipozinduka, aliamua kuwa mshairi kwelikweli.

Lakini nani angemchapa? Tayari alikuwa ameandika "Edward the Dyke", kejeli kali dhidi ya matabibu wa akili, ambao hadi mwaka 1973 waliyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Hakuna mchapishaji aliyeitaka.

Mwaka 1969, yeye na mchoraji Wendy Cadden wakaanzisha Women's Press Collective huko Oakland, California. Walianza na mashine ya kurudufu. Waliowahi kutunga mitihani ya shule enzi za stensili wanaijua adha yake: taipureta inachoma herufi kwenye karatasi ya nta, ukikosea unaziba kwa dawa na kungoja ikauke, kisha unazungusha pipa la wino, karatasi moja baada ya nyingine. Baadaye wakapata mashine ya ofseti, wakajifunza kuiendesha wenyewe, wakati ambapo ufundi huo ulikuwa wa wanaume.

Kwa kuwa hawakumtegemea mchapishaji yeyote, mashairi yake saba ya "The Common Woman", ya mwaka 1969, yalienea kwa kasi. Humo hamna malkia wala malaika. Wamo mhudumu wa mkahawa na wanawake wengine wa kawaida, wenye hasira zao na uchovu wao. Wasomaji waliyabandika ukutani na kuyarudufu wenyewe. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kilele chake ni "A Woman Is Talking to Death" la mwaka 1974: shairi refu linaloanzia kwenye ajali ya pikipiki darajani na kuwahoji waliookoka, akiwemo mshairi mwenyewe, ni nani waliyemtelekeza.

Grahn hakujichapia yeye tu. Kikundi chake kilimchapa pia Pat Parker, mshairi Mweusi kutoka Houston, ambaye naye aliishi waziwazi na mapenzi yake kwa wanawake.

Mwaka 1977 kikundi kiliungana na mchapishaji mwingine, Diana Press. Oktoba mwaka huohuo watu wakavamia kiwanda, wakamwaga rangi na kemikali juu ya mitambo na kuharibu maelfu ya nakala. Kiwanda kilijikongoja, mwaka 1978 kikatoa "Movement in Black" ya Parker, Grahn akiandika utangulizi, na mwaka 1979 kikafungwa. Miaka minne baadaye, "The Queen of Wands" ya Grahn ilipata tuzo ya American Book Award.