Maili Kumi: Mvua, Sheria na Makazi ya Kaunti ya Kilifi

Asimamaye ufuoni Bofa, Kilifi, maji yakipwa huona mchanga mweupe, mwamba wa matumbawe na wavuvi wakirudi. Akigeuza uso, hukabiliwa na kuta za viwanja. Akivuka barabara kuelekea bara, huingia kwenye nyumba za udongo na makuti chini ya minazi na mikorosho, ambazo wakaaji wake wengi hawana hatimiliki.

Maelezo ya makazi haya tuliyosomeshwa shuleni ni ya mvua. Pwani hupata kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Ukipanda kuelekea Ganze na Bamba mvua hupungua, hadi ufike Nyika, ambako mifugo hupona kuliko mahindi. Ndiyo maana, tukaambiwa, watu 1,453,787 waliohesabiwa Kilifi mwaka 2019 hawakutawanyika sawasawa katika eneo la takriban kilomita za mraba 12,600. Hoja hiyo si ya uongo. Lakini mvua haimwandikii mtu hati, wala haimnyimi.

Makazi ya zamani yalifuata mantiki ya usalama na biashara. Miji ya mawe ilikaa kando ya hori na bahari: Mnarani juu ya jabali la Hori la Kilifi, Mambrui karibu na mlango wa Mto Sabaki. Gedi ilijitenga na bahari, na wanaakiolojia hawajaacha kubishana kwa nini. Wamijikenda walijenga kaya zao, yaani vijiji vyenye boma, ndani ya misitu ya vilimani. Saba kati ya makabila yao tisa, wakiwemo Wagiriama, Wachonyi, Wakauma na Warabai, kaya zao zimo katika kaunti hii. Kati ya kaya na bandari zilipita pembe, sandarusi na nafaka. Mipaka ilikuwepo, ila ilivukika.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 ulimtambulia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili kumi kutoka baharini, na mwaka 1895 Waingereza wakaukodi kutoka kwake. Halafu ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908. Mwenye dai alete ushahidi wake. Pasipo dai, ardhi ni ya Serikali. Aliyejua kuandika na aliyekuwa karibu na liwali alipata. Wagiriama na wenzao, ambao haki yao ilikuwa katika kulima, kuzika na kupanda, walihesabiwa kuwa watu wa nje ya ukanda. Hapa pana kejeli ambayo wanasheria wetu huipita haraka: kwa desturi ya mwambao, mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na hao wawili si lazima wawe mmoja. Sheria ya 1908 ilimtanguliza mwenye ardhi.

Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, kiongozi wa Wagiriama, kuwahamasisha watu wakatae kazi ya kulazimishwa, Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti na Wagiriama waliokaa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuvuka kusini. Ardhi ile ilikuwa na rutuba. Mvua haikuwafukuza.

Ukanda ulikabidhiwa Kenya mwaka 1963, hati zilibaki. Mashamba ya mkonge ya Vipingo na Kilifi yaliendelea, na daraja la Hori la Kilifi la 1991 lilipochukua nafasi ya kivuko, bei ya viwanja vya ufuoni ilipata sababu mpya ya kupanda. Ndipo Bofa ikawa Bofa tuijuayo: hoteli na majumba mbele, maskwota nyuma, na kijia chembamba cha kupitisha madau na ndoo za samaki kati ya ukuta na ukuta.

Kwa hiyo mwanajiografia anayetaka kueleza makazi ya Kilifi aanzie ofisi ya ardhi, kisha ndipo aende kituo cha hali ya hewa.