Ureno Haikuhalalisha Unga

Kila tukibishana kuhusu mateja, rafiki yangu mmoja husema Ureno ilihalalisha unga. Zii, haikuhalalisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, takriban mtu 1 kati ya 100 kule alitumia heroini. Mtaa wa Casal Ventoso, Lisbon, ulikuwa soko la wazi. Tangu Julai 2001, ukishikwa na unga usiozidi matumizi yako ya siku 10, huendi kortini. Unaitwa na kamati ya watu watatu, chini ya wizara ya afya. Muuzaji bado hufungwa. Maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga yalishuka sana, ila mimi sifa nyingi nazipa methadoni na sindano safi. Oregon, Marekani, sheria ilianza 2021, pesa za matibabu zikachelewa. Mwaka 2024 mateja wakarudishwa kortini.