Metali Nzito katika Mashapo ya Mito

Metali nzito ni kundi la elementi kama risasi, zebaki, kadimi, shaba na zinki, ambazo zikizidi kiasi hudhuru viumbe. Aseniki, ingawa si metali kamili, huhesabiwa pamoja nazo. Huingia mtoni kutoka migodini, viwandani, kwenye majitaka ya miji na vumbi la barabara. Haziozi wala haziteketezwi na bakteria. Huhama tu, au hubadili umbo la kikemia. Nyingi huishia kwenye mashapo, yaani mchanga na tope linalotuama chini ya mto.

Jinsi zinavyonaswa

Metali nyingi zikiyeyuka majini huwa ioni zenye chaji chanya. Uso wa chembe za udongo wa mfinyanzi una chaji hasi, kwa hiyo huzivuta. Oksidi za chuma na manganizi, zinazozifunika punje kwa utando wa rangi ya kutu, hushika metali na aseniki pia, nayo mboji hufunga hasa shaba na zebaki. Kadiri punje zilivyo ndogo, ndivyo jumla ya eneo la uso wake inavyokuwa kubwa. Ndiyo maana wapimaji wengi huchekecha tope na kupima punje zisizozidi mikromita 63.

Chini zaidi, oksijeni huisha. Huko bakteria hutumia salfeti na kutoa salfaidi, ile inayolipa tope jeusi harufu ya mayai viza. Salfaidi ikikutana na risasi, kadimi au zinki, hutengeneza misombo isiyoyeyuka kwa urahisi.

Mzigo huu wa tope na metali hutua pale mkondo unapopungua kasi: mabwawani, kwenye mabonde ya mafuriko na kwenye mikoko ya milango ya mito.

Jinsi zinavyoachiliwa

Kunaswa huku hutegemea hali ya maji. Asidi ikiongezeka, ioni za hidrojeni huziondoa metali kwenye chembe na kukaa mahali pake. Karibu na bahari, kloridi ya maji chumvi huivuta kadimi kutoka kwenye tope. Oksijeni ina kazi mbili zinazopingana: ikikosekana, oksidi za chuma huyeyuka na kuachia aseniki; lakini ikifika kwenye tope jeusi lililofukuliwa, salfaidi huvunjika na metali zake hurudi majini. Zebaki ina hatari ya ziada, kwa kuwa bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza katika samaki.

Mfano wa Milltown

Mto Clark Fork, katika jimbo la Montana, Marekani, ulipokea taka za migodi na viwanda vya kuyeyushia shaba vya Butte na Anaconda. Bwawa la Milltown, lililokuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka Butte kwa kuufuata mto, lilikamilika mwaka 1908. Mwaka huohuo mafuriko makubwa yaliteremsha taka hizo, na ukuta ukazizuia. Mwaka 1981 aseniki iligunduliwa katika visima vya kijiji cha Milltown: ilikuwa imetoka kwenye tope lisilo na oksijeni na kupenya hadi maji ya ardhini. Mwaka 1996 mabonge ya barafu yaliteremka mtoni, mashapo yakatifuka na samaki wakafa. Hatimaye mashapo yaliyochafuka zaidi yalichimbwa na kupelekwa kwa treni hadi kwenye jalala karibu na Anaconda, na ukuta ukavunjwa mwaka 2008.

Maana yake kwa upimaji

Sampuli ya maji huonyesha hali ya siku ilipochotwa. Tope huhifadhi uchafu wa miaka mingi. Katika machimbo ya dhahabu ya ukanda wa Ziwa Victoria, ambako wachimbaji wadogo hutumia zebaki na kurundika marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, karibu na vijito, kupima maji peke yake kunaweza kuuacha mzigo wote bila kuonekana. Vilevile, kabla ya kufukua mto au kubomoa bwawa, ni lazima ijulikane metali zilizo chini zimeshikwa na nini: mfinyanzi, kutu, mboji au salfaidi. Jibu hilo ndilo huamua kama tope liondolewe, lifunikwe au liachwe lilipo.