Walimu kuandika masomo pamoja: historia inayogusa shule za wahami

BAFWASENDE, jimbo la Tshopo – Vita vinapofukuza kijiji, mwalimu naye hukimbia. Maandalio ya masomo, orodha ya wanafunzi na maswali ya mitihani hubaki nyuma au huungua pamoja na shule. Kule anakofikia, mwalimu huyo huanza upya kwa kile anachokumbuka. Ndiyo maana walimu kujifunza kuandika pamoja kwenye kompyuta ni jambo linalowagusa wahami pia, wala si watu wa mjini peke yao.

Kufundisha walimu si jambo geni Tshopo. Chuo kikuu cha Kisangani kilianzishwa mwaka 1963 na makanisa ya Kiprotestanti. Mwaka 1971, vyuo vikuu vyote vya nchi vilipounganishwa kuwa UNAZA, Kisangani ilipewa masomo ya saikolojia na elimu. Tangu 1981 chuo kinajitegemea kwa jina la UNIKIS. Lakini kwa miaka hiyo yote kazi ilifanyika kwa karatasi, kila mwalimu na daftari lake.

Mwaka 1995 Mmarekani Ward Cunningham alifungua ukurasa wa mtandao ambao msomaji aliweza kuusahihisha mwenyewe. Aliuita wiki, neno la Hawaii lenye maana ya haraka. Kutoka wazo hilo ilizaliwa Wikipedia mwaka 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Kwa mwalimu faida yake ni hii: watu watano wanaweza kutengeneza somo moja, kila sahihisho likaonekana, na nakala ya zamani isipotee.

Njia hiyo ilifika kambini pia. Mwaka 2013, UNHCR na Vodafone Foundation walianza shule za mtandao huko Dadaab, Kenya, kisha wakaendelea Kongo na Tanzania, pamoja na kambi ya Nyarugusu inayopokea Wakongo tangu 1996. Mwaka 2015 walionyesha sanduku la kilo 52 lenye tableti 25, kompyuta, projekta na spika, linaloweza kufanya kazi siku nzima bila umeme.

Sanduku peke yake halifundishi. Walimu walipaswa kufundishwa kwanza na kupata mtu wa kuwasaidia shuleni. Jambo la pili, masomo yaliwekwa ndani ya mashini zenyewe, yasitegemee mtandao. Wakongo wanajua sababu: tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti kwa karibu wiki tatu.

Mwezi wa tatu 2020, korona ilipofunga shule, masomo yalipitia redioni. Redio ilifika mbali, lakini mwalimu wa kijijini alisikiliza tu. Hakuweza kuongeza neno wala kusahihisha.

Kwa Bafwasende, basi, kazi inaweza kuanza kabla ya mtandao mkubwa kufika. Walimu wa shule jirani, wenyeji na wahami, wakikutana na kukubaliana somo moja, wakalihifadhi katika simu mbili tatu na kuziweka mahali tofauti, shule moja ikiungua somo halitaungua nayo. Hapo mtoto aliyekimbia ataendelea pale alipoishia.