Mpira Rasmi wa Spalding

Februari 1876 Albert Goodwill Spalding, mrusha mpira hodari kuliko wote katika besiboli ya Marekani wakati huo, alifungua duka la vifaa vya michezo mjini Chicago pamoja na mdogo wake, James Walter. Mtaji ulikuwa dola 800, nazo walizipata kwa mama yao. Mwezi huohuo iliundwa Ligi ya Taifa, na Spalding akaiongoza timu ya Chicago kutwaa ubingwa wake wa kwanza. Mchana alikuwa uwanjani, na jina lake likawaleta wateja dukani.

Enzi hizo wachezaji wengi walidaka kwa mikono mitupu. Viganja vilivimba, vidole vikateguka, lakini aliyevaa glovu alionekana mwoga. Mwaka 1875 Spalding alimwona Charles Waitt amevaa glovu yenye rangi ya ngozi, aliyoichagua ili watazamaji wasiitambue. Spalding alipoacha kurusha na kuhamia kulinda kituo cha kwanza uwanjani mwaka 1877, alivaa yake waziwazi: nyeusi, iliyowekwa pedi, inayoonekana hadi jukwaani. Sifa zake zilimkinga na kejeli, na glovu zikaanza kupata wanunuzi.

Ustadi wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa katika neno moja: rasmi. Aliilipa ligi ili mpira wake uwe ndio pekee wa mashindano. Faida haikutoka kwa timu chache za ligi hiyo, bali kwa vijana wa vitongojini waliotaka kushika mpira uleule wa mabingwa. Kitabu cha mwongozo wa mchezo, kilichotolewa kila mwaka kwa jina lake, kilibeba kanuni, takwimu na matangazo ya bidhaa zake.

Kiwanda kilifuata huko Hastings, Michigan. Ili kuutangaza mchezo na bidhaa zake, mwaka 1888 hadi 1889 alizungusha timu mbili duniani, zikacheza hata jangwani karibu na piramidi za Giza.

Washindani aliwanunua, lakini majina yao akayaacha. Ndivyo ilivyokuwa kwa kampuni ya Al Reach ya Philadelphia. Ligi ya Marekani ilipojitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901, iliuchagua mpira wa Reach. Kwa hiyo ligi mbili zilizoshindana zilitumia mipira ya kampuni moja, iliyotofautiana kwa mihuri. Spalding alifariki 1915. Mpira wenye jina lake uliendelea kutumiwa na Ligi ya Taifa hadi 1976.