Kulia au Kushoto? Kosa la Mwaka 1962 Linalowapata Warusha Droni Hadi Leo

Usiku wa kuamkia 11 Julai 1962, wahandisi wa Uingereza walikuwa wamekodolea macho skrini huko Goonhilly, Cornwall. Siku iliyotangulia, Marekani ilikuwa imerusha setilaiti ya Telstar kutoka Cape Canaveral. Kituo cha Andover, jimbo la Maine, kilipeleka picha za televisheni juu, nayo Telstar ikawa inazirudisha chini upande wa Ulaya.

Ufaransa, kwenye kituo cha Pleumeur-Bodou, picha ilitokea safi kabisa. Goonhilly, pamoja na sahani yao kubwa ya mita 26, waliambulia chenga.

Kumbe sahani haikuwa na ubovu wowote. Kipande kidogo ndani ya antena kilikuwa kimefungwa kinyume. Antena ilisubiri wimbi linalozunguka upande mmoja, Telstar ikatuma linalozunguka upande wa pili. Na hakuna aliyekuwa mzembe: maana ya “kulia” na “kushoto” kwa mawimbi ilikuwa na utata, kila upande ukaielewa kivyake. Kipande kilipogeuzwa, picha zikapita vizuri.

Ukimwona leo kijana amevaa miwani ya video anarusha droni, halafu picha inamkatikia mita chache tu mbele yake, huenda amerudia kosa hilo hilo. Tuone lilikotoka.

Wimbi linazungukaje?

Chukua kamba, funga ncha moja mlangoni, shika nyingine uitikise juu na chini. Hilo ni wimbi la mstari. Sasa badala ya kutikisa, zungusha mkono kama unachezesha kamba ya kuruka. Kamba inajikunja kama springi. Hilo ni wimbi la mzunguko. Augustin Fresnel, mwanafizikia wa Ufaransa, alilieleza kwa upande wa mwanga tangu 1822, na mawimbi ya redio yanafuata kanuni zile zile.

Antena ya kawaida, ule waya ulionyooka, hutoa wimbi la mstari. Inafanya kazi vizuri mradi antena zote mbili zisimame vilevile. Ukiilaza moja nyuzi 45, nguvu inayopokelewa inabaki nusu. Ukifika nyuzi 60 imebaki robo. Ukifika 90, karibu hakuna kitu. Sasa fikiria droni: kila ikikata kona inalala ubavu. Kila kona, picha inafifia.

Springi ya chumba cha chini

Dawa ya tatizo hili ilipatikana kabla droni za michezo hazijafikiriwa. Mwaka 1946 John Kraus, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, alihudhuria mhadhara uliogusa mirija ya redio yenye waya wa springi ndani. Akamuuliza mtoa mada: je, springi kama hiyo inaweza kuwa antena? Akajibiwa kwamba imeshajaribiwa, haifai.

Wengi wetu tungeishia hapo. Kraus alirudi nyumbani, akashuka chumba cha chini na kuzungusha waya mara saba, kila mzunguko ukiwa na sentimita 12, sawasawa na urefu wa wimbi alilotumia. Ikafanya kazi! Wimbi lilitoka kwenye ncha ya springi kama mwanga wa tochi, tena likiwa linazunguka. Siri ilikuwa kwenye kipimo: mzunguko mmoja wa waya uwe karibu sawa na urefu wa wimbi moja. Baadaye Kraus alijenga darubini ya redio yenye springi 96 za aina hiyo.

Setilaiti zikalipenda wimbi la mzunguko, kwa sababu tabaka la juu la angahewa hupindisha mwelekeo wa wimbi la mstari, na chombo chenyewe hujigeuza angani. Hata GPS ya simu yako inategemea wimbi linalozunguka kulia.

Kutoka angani hadi mkononi

Droni nyingi za video hutumia masafa ya gigahezi 5.8, ambapo urefu wa wimbi ni kama sentimita 5.2. Kwa kanuni ya Kraus, springi yake inakuwa na kipenyo cha sentimita 1.6 hivi, yaani unene wa kidole gumba. Ndiyo maana watu waliweza kujitengenezea nyumbani kwa waya na chuma cha kulehemu.

Ila springi ni tochi: inafika mbali, lakini droni ikitoka kwenye mwanga wake umeikosa. Kwa hiyo juu ya droni hufungwa antena ya majani matatu au manne ya waya yaliyoinamishwa, inayorusha pande zote. Mkononi kwa rubani, springi inafaa safari ya mbali, na antena bapa inaona eneo pana kidogo. Wengi hufunga mbili, moja ya pande zote na moja ya kuelekeza, mashine ichague yenye picha nzuri.

Faida kubwa kuliko zote ni hii. Inua mkono wako wa kulia mbele ya kioo: wa ndani ameinua wa kushoto. Wimbi la kulia likigonga ukuta au bati, mara nyingi hurudi likiwa la kushoto, na antena ya kulia hulikataa. Picha ya analojia inapona na vivuli vya mwangwi.

Lakini upanga huo unakata kuwili. Droni ikiwa na antena ya kulia na miwani ikawa na ya kushoto, antena itakataa wimbi lako mwenyewe. Nguvu inaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia au chini ya hapo. Afadhali hata ungeweka waya ulionyooka upande mmoja, ungepoteza nusu tu.

Basi kabla hujarusha, kagua. Simama nyuma ya springi utazame linakoelekea wimbi: waya ukienda mbele kwa kufuata mshale wa saa, kama skurubu ya kawaida, hiyo ni ya kulia. Hakikisha na mwenzake ni wa kulia. Goonhilly walikuwa na sahani ya mita 26 na wataalamu waliobobea, na bado walikosa picha kwa sababu ya neno moja ambalo kila mtu alidhani analielewa.